Dizaina na developa kwenye meza moja: tunatengeneza skrini ya tiketi

Jambo yenu wote, karibuni tena. Leo niko Lubumbashi, hapa Kamalondo, na jenereta ya jirani mtaisikia, mnisamehe. Tunatengeneza skrini moja tu: kulipia tiketi ya basi la Kolwezi. Dizaina, mchoraji wa skrini, ameketi kushoto kwangu; developa, mwandishi wa programu, yuko kulia. Mara nyingi hawa wawili hukutana siku mchoro umeshakwisha, na ugomvi huanzia hapo. Sisi tunawakutanisha mchoro ukiwa bado mbaya.

Hatua ya kwanza: karatasi na kalamu. Figma, programu ya kuchorea skrini, tutaifungua baadaye. Dizaina, chora kisanduku cha jina. Developa, msomee jina kama lilivyo kwenye kadi ya mtu. Kwetu mtu ana jina, posti-nomu (jina la pili la kwetu) na prenomu (kama Marie). Ni mazoea tuliyorithi tangu enzi za Mobutu. Tuandike la kubuni: Ilunga wa Kasongo Marie-Bernadette. Mmeona? Limemwagika nje ya kisanduku. Sasa bei. Madizaina wanapenda kuandika dola 10 kwa sababu inakaa vizuri. Andika 128.500 FC, faranga za Kongo, uone kitufe kinavyobanwa. Afadhali kibanwe hapa kwenye karatasi.

Hatua ya pili, na hapa sitakimbia. Chini ya skrini kuna kitufe cha LIPA. Kwenye michoro mingi kinachorwa mara moja tu, kikiwa kizuri, kinang'aa. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea mchoro wa hivyo nikaugeuza kuwa programu ulivyo. Mtandao ukawa mzito, msafiri akabonyeza, akaona kimya, akabonyeza tena, na tena. Akapata tiketi tatu za kiti kimoja! Dizaina akanilaumu mimi, mimi nikalaumu mchoro, na mama wa watu anataka faranga zake.

Kwa hiyo chora kitufe hicho mara tano. Kabla ya kubonyezwa. Kikiwa kimebonyezwa, rangi imefifia, kimeandikwa "Tunatuma ombi". Kikisubiri mtu aweke namba yake ya siri ya pesa ya simu. Hapo mtu anaweza kuchukua hata dakika nzima, maana simu iko kwa mtoto. Malipo yakikataliwa, na sababu iandikwe kwa maneno ya watu: "Salio halitoshi", siyo "Hitilafu 402". Mwisho, malipo yakipita.

Lakini kufifisha kitufe hakutoshi, na hili dizaina hawezi kulijua peke yake. Mtandao ukikatika katikati, simu haijui kama ombi lilifika. Developa, eleza. Anasema kila ombi lipewe namba yake, na seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, ikiona namba ileile mara ya pili isikate pesa tena, irudishe tu jibu la kwanza. Vizuri. Dizaina akishasikia hivyo anaweza kuandika kwa ujasiri: "Jaribu tena, hutakatwa mara mbili." Sentensi hiyo dizaina asingethubutu kuiandika bila developa, na kazi ya developa isingeonekana bila sentensi hiyo.

Hatua ya tatu ni fupi. Fungueni Figma, na rangi mzipe majina ya kazi zake: rangi-ya-kitendo, rangi-ya-kosa. Majina hayohayo developa ayaandike ndani ya programu. Siku mwenye basi atakapotaka kijani badala ya buluu, mtabadilisha sehemu moja. Maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na mandhari yake angalau 4,5 kwa 1, ndivyo unavyotaka WCAG, mwongozo wa kurasa zinazosomeka na watu wote. Kitufe kisipungue 48 dp, kipimo cha skrini za Android, kama milimita 9 hivi. Kidole cha mtu aliyebeba mfuko hakilengi vizuri.

Hatua ya nne: tokeni nje. Chukueni simu ya bei ndogo, kioo kikiwa kimepasuka ndiyo bora zaidi, mwende wote wawili mahali mabasi yanapopakia, saa sita, jua likiwa kichwani. Mpe msafiri, mwombe anunue tiketi ya majaribio, halafu nyamazeni. Developa, usimwonyeshe pa kubonyeza. Dizaina, usieleze ulichokusudia. Kila anaposita, andikeni: skrini gani, sekunde ngapi.

Sisi tuliporudi, karatasi yetu ilikuwa na mistari kumi na moja. Saba tulidhani ni ya dizaina. Tulipoketi kuigawa, mitano kati yake ikahitaji wote wawili. Sasa sogeeni karibu na skrini, tunaanza na mstari wa kwanza.