Usilipie Hewa: Kutuma Samani za Lamu Hadi Uingereza kwa Nauli Nafuu

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Amu, Shela na Matondoni, na nyinyi wa Malindi hadi Mambrui. Leo, nikiwa huku Uingereza, nazungumza na mafundi seremala. Swali mnalotuma ni lile lile: mteja yuko Uingereza, kitanda amekipenda, ila nauli inakaribia bei ya kitanda chenyewe. Jibu langu linaanzia karakanani. Nauli ya meli hukatwa kwa randa na patasi, kabla mzigo haujafika kwa wakala.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Mzigo usiojaza kontena huwekwa pamoja na mizigo ya watu wengine, na kila mmoja hulipia mita za ujazo au tani, kile kilicho kikubwa. Mita moja ya ujazo huhesabiwa sawa na kilo 1,000. Samani haziwezi kufikia uzito huo, kwa hiyo kila siku mtalipia nafasi. Sasa chukueni kitanda chenye nguzo za chandarua, urefu sentimita 210, upana 160, kimo 210. Zidisheni: ni zaidi ya mita 7 za ujazo, na karibu zote ni hewa. Kitanda hicho hicho kikifunguliwa, matendegu manne (yaani nguzo za miguu), mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo vya kichwani na miguuni, na chaga zikalala pamoja, kinatoka furushi la sentimita 215 kwa 65 kwa 30. Hiyo ni mita 0.42 za ujazo. Mteja ni yule yule, nakshi ni ile ile, nafasi imepungua mara kumi na saba hivi.

Kwa ndege ni vibaya zaidi. Mashirika huzidisha vipimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 6,000 kupata kilo za kulipia. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000. Kiti cha 70 kwa 60 kwa 120 chenye kilo 18 kitalipiwa kama kilo 84. Ndege iacheni kwa vitu vidogo: kigoda, fremu ya kioo, kijaluba. Hivyo hata msafiri anaweza kuvibeba, kwa sababu mashirika mengi yanakubali begi la kilo 23 ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa havizidi sentimita 158. Ila aliyebeba lazima akione kilichomo na akifunge mwenyewe.

Basi kitanda kitengenezwe kikijua kwamba kitafunguliwa. Gundi ibaki ndani ya kitakizo chenyewe tu, siyo pale kinapoingia kwenye tendegu. Mfumbati na kitakizo viungwe na tendegu kwa ulimi mfupi wa milimita 20 hivi wa kubeba uzito, na boliti ya milimita 8 ya kuvuta, yenye nati ya mviringo iliyozama kwenye mfumbati au kitakizo. Tundu la boliti litobolewe kwa keekee ya milimita 9, maana ukitoboa 8 kamili mteja hataweza kuipitisha mbao ikishacheza. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki. Za kawaida zikipigwa na hewa ya chumvi kutoka Mokowe hadi Mombasa hufika zimeshika kutu. Anayependa kazi ya asili atumie ulimi unaotokeza upande wa pili na kufungwa kwa kabari. Unapendeza na hauhitaji spana.

Kila kiungo kipigwe alama pande zote mbili kwa patasi, mahali pasipoonekana: moja kwa moja, mbili kwa mbili. Msiandike kwa chaki wala kalamu, hufutika. Boliti, nati, spana na boliti mbili za akiba ziingie kwenye kifuko cha nguo, kifuko kifungwe kwenye mfumbati. Mkimaliza, kiungeni kitanda mbele ya simu polepole, mrekodi, mumtumie mteja. Video ya dakika nne inaokoa siku nzima ya kuulizana.

Vipimo pia viangalieni. Godoro letu la futi 5 kwa 6 lina urefu wa sentimita 183 hivi. Uingereza godoro la watu wawili ni 135 kwa 190, na linalofuata kwa ukubwa ni 150 kwa 200. Kitanda cha urefu wa futi sita huku hakipati godoro dukani. Na milango ya ndani ya nyumba nyingi ina upana wa sentimita 76, ngazi nazo ni nyembamba na zina kona. Kabati la upana wa mita moja lisilofunguka litaishia sebuleni.

Sasa nasogeza kamera. Tazameni kifuniko hiki cha sanduku, kazi ya pwani, mkono mzuri kabisa. Uoneni ufa: umeanzia kwenye msumari wa shaba, ukafuata mshipa wa mbao mpaka katikati, na kadi ya benki inapita. Msumari haukusogea. Ubao ndio ulionywea, ukakuta umeshikwa pande zote mbili, ukapasuka.

Hapa ndipo samani nyingi zinapoharibika, na meli haina kosa. Hewa ya Lamu ina unyevu, mbao iliyokaushwa kivulini hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Nyumba ya huku wakati wa baridi, hita zikiwaka toka asubuhi, huishusha mbao hadi asilimia 7 au 9. Ubao wa upana wa sentimita 30 unaweza kupungua milimita 3 hadi 5. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, ni upana tu. Kwa hiyo ubao mpana usiufunge. Paneli iingie kwenye mfereji wa fremu bila gundi, ikiwa na nafasi ya milimita 3 kila upande, na ipakwe rangi au vanishi kabla ya kuingizwa, la sivyo ikinywea utaona mstari mweupe pembeni. Uso wa meza ushikwe chini kwa skrubu zilizopita kwenye tundu refu, siyo la mviringo. Misumari ya shaba ya mapambo ipigwe, lakini isipite kwenda kushika mbao ya kupingana nayo.

Mita ya unyevu ni kifaa kidogo chenye sindano mbili. Nunueni, hata kama ni moja kwa karakana tatu. Mkiona namba imezidi 12, mbao hiyo isitumike kwa kazi ya ughaibuni. Kukausha kwa hewa peke yake kisiwani hakufiki huko. Unahitaji mbao iliyopita tanuri, au chumba kilichofungwa vizuri chenye mashine ya kufyonza unyevu.

Mwembe una mashaka yake. Ni rahisi na unachongeka, lakini dumuzi wanaupenda. Ukiona vitundu kama vya pini na unga laini chini yake, ubao huo utoe. Mnunuzi akiona unga kwenye zulia lake atadai pesa zake, na atakuwa na haki.

Kufunga. Vanishi iachwe angalau wiki mbili ikauke. Ndani ya kontena lililo juani joto linaweza kupita nyuzi 50, na nailoni ikigusa vanishi mbichi huacha chapa isiyotoka. Tangulizeni karatasi au kitambaa cha pamba, kisha kadibodi nene, kona ziwe na kadibodi mara mbili, nailoni ije mwisho kabisa. Pakiti za kufyonza unyevu ziwekwe ndani, kwa sababu usiku kontena hupoa, bati hutoa jasho, na jasho hudondokea mizigo. Hesabuni pia kwamba juu ya furushi lenu utawekwa mzigo wa mtu mwingine. Kila furushi lisizidi uzito ambao watu wawili wanaweza kubeba.

Mbao za kufungia zina sheria ya kimataifa, ISPM 15. Kreti, paleti, hata kipande cha kuzuia mzigo usiteleze, kikiwa cha mbao ghafi yenye unene wa zaidi ya milimita 6, lazima kiwe kimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka kiini, au kimepigwa dawa inayokubaliwa, na kina muhuri wa IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea. Plaiwudi haimo katika sheria hiyo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kreti safi ya plaiwudi, halafu fundi akaongeza kabari mbili za mabaki ya mwembe. Kabari hizo mbili zinaweza kuzuia mzigo wote bandarini, gharama zikamwangukia mteja. Na msijazie kwa makuti wala nyasi. Karatasi zilizokunjwa zinatosha.

Njia ya kwenda Mombasa. Kutoka kisiwani ni punda au mkokoteni hadi gatini, boti hadi Mokowe, kisha lori kupitia Garsen na Malindi. Tafuteni lori lililoshusha bidhaa na linarudi tupu. Dereva hukubali bei ya chini kwa sababu safari ya kurudi anaifanya hata hivyo. Sakafu yake ifagiliwe, mabaki ya saruji yanakwaruza. Jahazi ni rahisi, na msimu wa kaskazi upepo unasukuma kwenda kusini, ila mzigo ufunikwe turubai juu na uwekwe kwenye vijiti chini, maji ya ngama, yanayojikusanya chini ya chombo, hayana huruma. Ndugu wa Malindi nyinyi mna nafuu, kilomita 120 hivi na mko Mombasa.

Wakala akiwapa bei, ulizeni gharama za upande wa pili. Kuna nauli ya baharini inayovutia kwa urahisi wake, kisha mteja anakutana na ada za ghala, za hati na za kushusha zinazozidi nauli. Takeni bei iliyoandikwa, kila ada na jina lake, mpaka mlangoni kwa mteja. Aghalabu kiwango cha chini ni mita moja ya ujazo, hivyo anayetuma kitanda kimoja cha 0.42 amelipia nafasi ya viwili na kidogo. Unganeni. Mkifika mita 13 au 15, ombeni bei ya kontena zima la futi 20, ambalo hubeba mita 25 hadi 28 kwa upangaji wa kawaida.

Makaratasi ni ankara, orodha ya mizigo, hati ya meli na cheti cha asili ya bidhaa. KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, ndio wanaotoa cheti cha afya ya mimea pale kinapotakiwa. Viti huandikwa chini ya namba 9401, vitanda na meza 9403, milango 4418. Andikeni bei ya kweli. Mteja atalipa VAT ya asilimia 20, na bima nayo hulipa kulingana na ankara. Hifadhini risiti za mbao, mnunuzi anaweza kuulizwa zilitoka wapi. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, na bidhaa iliyokamilika yenye zaidi ya kilo 10 za mpingo kwa shehena inahitaji kibali. Mbambakofi, mninga na mkangazi ziliongezwa baada ya mkutano wa 2022, lakini kwa magogo, mbao na plaiwudi. Samani iliyokamilika haimo. Pembe za ndovu na magamba ya kasa msiyaguse. Na mlango wa zamani au fremu yake, uliochongwa kabla ya 1946, unalindwa na sheria ya makumbusho: hautoki nchini bila kibali.

Mito na magodoro ya sponji msitume. Uingereza ina kanuni za moto za 1988 kwa samani zenye sponji, na yetu hayana uthibitisho kwamba yanazifuata. Mteja atashonesha huku.

Bima ichukuliwe ya hatari zote, kwa asilimia 110 ya thamani pamoja na nauli. Meli ikipata ajali na nahodha akalazimika kutosa baadhi ya mizigo ili kuiokoa, wenye mizigo iliyosalimika nao huchangia hasara, hata kama kitanda chako hakikukwaruzwa. Bima ndiyo inayolipa mchango huo.

Mwenye swali aandike hapo chini, aweke aina ya mbao, unyevu wake, na vipimo vya furushi likiwa limeshafungwa, kwa sentimita.