Kumlea mwanagenzi wa Wikipedia kuanzia badiliko lake la kwanza

Ndugu wahariri,

Mtu amefungua akaunti usiku, ameingia kwenye makala ya mto anaoufahamu, ameongeza sentensi mbili na kubofya "Chapisha mabadiliko". Dakika chache baadaye sentensi hazipo. Maelezo yapo, lakini yako kwenye historia ya makala, ukurasa ambao hajui kama upo, na yanasema tu kwamba badiliko lake limetenguliwa. Hajui ni mtu au mashine iliyofuta. Haulizi, kwa sababu hajui pa kuuliza. Anaondoka.

Ulezi ninaouzungumzia leo unafanyika ndani ya dakika hizo. Wengi wetu tunapoambiwa tulee wageni tunafikiria kuwafundisha sera zote: msimamo usioegemea upande, uthibitikaji, kutoleta utafiti mpya. Mwanagenzi hahitaji sera kumi siku ya kwanza. Anahitaji mtu aliyesoma alichokiandika na akamjibu juu ya hicho hicho.

Basi anza kwa kusoma. Fungua orodha ya michango yake, tazama tofauti kati ya toleo la kabla na la baada, kisha ujiulize: sentensi hii ingekuwa na chanzo, ingebaki? Ikiwa ingebaki, hujakutana na mharibifu. Umekutana na mtu mwenye maarifa asiyejua kuweka tanbihi. Mwachie sentensi, weka alama ya kwamba chanzo kinahitajika, halafu mwandikie. Ikiwa ni lazima kutengua, usiridhike na maneno yanayojazwa na mfumo kwenye kisanduku cha muhtasari, panapoandikwa sababu ya badiliko. Ongeza sababu kwa maneno ya kawaida, bila vifupisho vya sera ambavyo sisi wenyewe tulichukua miezi kuvizoea.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na uzungumzie kosa moja tu, hata kama umeyaona matano. Kwa mfano, ikiwa sentensi ilikwisha kutenguliwa: "Habari. Nimeona umeongeza urefu wa mto kwenye makala. Taarifa hiyo ilikosekana, asante. Haikubaki kwa kuwa haina chanzo. Uliisoma kwenye kitabu gani? Niandikie jina lake hapa, nami nitakuonyesha namna ya kuweka tanbihi." Ujumbe huo una swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa mstari mmoja, na jibu lake la kwanza ndilo linalomfundisha kutumia ukurasa wa majadiliano. Kigezo cha makaribisho, yaani ujumbe uliotayarishwa wa kubandikwa, chenye viungo ishirini hakina ubaya, ila hakichukui nafasi ya ujumbe huo. Mtu hutambua mara moja kama ameandikiwa yeye au amebandikiwa tangazo.

Hapa kuna jambo linalowapoteza hata walezi wazoefu. Ukiandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa mwanagenzi mwenyewe, taarifa humfikia. Ukimjibu mahali pengine, kama majadiliano ya makala, lazima uweke kiungo cha jina lake la mtumiaji na utie saini yako, yaani mawimbi manne (~~~~), katika badiliko hilo hilo. Ukisahau jina ukarudi kuliongeza baadaye bila saini mpya, taarifa haitumwi. Wewe utadhani amekupuuza, naye atadhani umemtupa. Vilevile, asipothibitisha anwani ya baruapepe hapati taarifa kwa njia hiyo. Mwombe athibitishe mapema.

Sasa, kazi ya kwanza. Karibu kila mwanagenzi hutaka kuanzisha makala mpya, na mlezi mwema humchelewesha. Makala mpya hudai kila kitu kwa pamoja: umashuhuri wa mada, vyanzo huru vinavyoieleza kwa kina, lugha isiyosifia, hakimiliki, muundo na jamii, yaani makundi ya mada ambamo makala huorodheshwa. Akikosea kimoja tu, kazi ya siku nzima inaweza kufutwa. Mpe makala iliyo bado mbegu, yaani fupi na isiyokamilika, aongeze sentensi moja na tanbihi moja. Isitoshe, kila Wikipedia ina masharti yake: ile ya Kiingereza, kwa mfano, hairuhusu akaunti kuanzisha makala moja kwa moja kabla haijatimiza siku 4 na mabadiliko 10. Angalia masharti ya mahali mnapofanyia kazi kabla hujamwahidi.

Katika kuweka tanbihi, kaa karibu naye. Kihariri cha kuonekana, kinachoonyesha makala kama msomaji anavyoiona, kinaweza kujaza tanbihi chenyewe ukikipa anwani ya tovuti au namba ya ISBN ya kitabu, lakini mara nyingi hukosea jina la mwandishi au tarehe. Mfundishe kukagua kabla ya kuhifadhi. Mwambie pia kwamba akaunti changa inapoongeza kiungo cha nje huweza kuonyeshwa jaribio, kama herufi zilizopindapinda za kuandika upya, ili kuthibitisha kuwa si mashine. Asiyeonywa huona ni kosa, akafunga ukurasa na kupoteza kazi. Na anayehariri kwenye chanzo ghafi, yaani maandishi ya makala pamoja na alama zake za muundo, asianze aya kwa nafasi tupu kama alivyozoea kwenye karatasi: mstari wenye nafasi mwanzoni hugeuka kisanduku cha maandishi ya taipureta.

Kwa wanaoandaa warsha, tatizo huja kabla somo halijaanza. Wikipedia huruhusu akaunti 6 tu kufunguliwa kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Chumba chenye watu ishirini kwenye mtandao mmoja kinakwama kwa mtu wa saba, na saa nzima inapotea. Waambie washiriki wafungue akaunti nyumbani siku chache kabla, au ombeni kikomo kiinuliwe mapema. Msitatue kwa kushiriki akaunti moja. Hairuhusiwi, na michango haitajulikana ni ya nani.

Juu ya picha nitasema machache: picha iliyochukuliwa mtandaoni bila leseni huru kwa kawaida hufutwa, na hata picha inayomwonyesha yeye mwenyewe, kwa kawaida hakimiliki yake ni ya aliyeipiga. Anayetafsiri makala ataje makala ya asili, pamoja na kiungo chake, kwenye muhtasari wa badiliko, kwa kuwa leseni ya Wikipedia inadai waandishi watambuliwe. Anayelipwa kuandika ni lazima atangaze nani anamlipa. Masharti ya matumizi yanadai hivyo tangu 2014. Muulize mapema, kwa upole. Wengi hawafichi, hawajui tu.

Kuna kosa moja la upendo: kumfanyia kazi. Mwanagenzi ameleta vyanzo vitano, mlezi anaweka tanbihi zote tano, makala inapendeza, na mwanagenzi hajajifunza lolote. Weka moja, mwachie nne, kisha rudi kesho utazame. Akipatia, bofya kitufe cha shukrani kando ya badiliko lenyewe, ajue ni lipi hasa lililokupendeza.

Wala usiwe wakili wake. Akiingia kwenye vita vya kutenguana, mwelekeze kwenye majadiliano ya makala. Usimtengulie wewe kwa niaba yake, maana hapo mmekuwa wawili dhidi ya mmoja, na ndivyo atakavyojifunza kuhariri.

Mwisho ni ratiba yako mwenyewe. Katika Wikipedia zilizowasha mfumo wa ulezi, akaunti mpya hupangiwa mlezi, na swali linaloulizwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa mgeni hutua kwenye majadiliano ya mlezi huyo. Swali lililokaa wiki moja hujibiwa kwa mtu aliyekwisha kuondoka. Ukisafiri au ukiugua, ingia kwenye dashibodi ya ulezi, jiwekee kuwa haupo na utaje siku ya kurudi, ili maswali ya wageni yapelekwe kwa mlezi mwingine.