Huduma Ikinyamaza, Imekufa au Imechelewa?

Nawashukuru kwa kuja. Jioni hii nina swali moja: programu inajuaje kwamba huduma inayoitafuta kwenye mtandao iko wapi, na kwamba bado ipo?

Enzi za ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, kule Marekani, jibu lilikuwa faili moja ya majina na anwani za kompyuta, HOSTS.TXT, iliyotunzwa Stanford Research Institute katika kituo alichokiongoza Elizabeth Feinler. Kila mwenye kompyuta aliinakili. Mashine zilipozidi faili ikaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika muundo wa DNS, mfumo unaogeuza majina ya mashine kuwa anwani. Tunaitumia hadi leo, ila ilibuniwa wakati mashine zikikaa na anwani zilezile muda mrefu. Huduma za sasa huweza kuanzishwa na kuzimwa ndani ya dakika.

Hapo ndipo unapohitajika mkataba wa muda, ambao Gray na Cheriton waliueleza mwaka 1989 na Sun Microsystems wakautumia kwenye Jini, teknolojia yao ya kuunganisha huduma mtandaoni. Huduma hujiandikisha kwenye orodha ya huduma kwa kipindi maalumu, isipouhuisha mkataba, hufutwa. Naupenda sana mpango huu, maana seva iliyozimika ghafla haipati nafasi ya kuaga.

Tabu ni kwamba aliyekufa na aliyechelewa hunyamaza sawasawa. Chukueni Eureka ya Netflix, programu inayotunza orodha kama hiyo. Katika mpangilio wake wa awali, huduma hutuma ishara kila sekunde 30. Ikinyamaza sekunde 90, huhesabiwa haipo. Je, zikinyamaza nyingi kwa mpigo? Huenda mtandao ndio umekatika! Basi ishara zikipungua chini ya asilimia 85 ya zinazotarajiwa, Eureka husitisha kufuta. Ni afadhali itoe anwani za zamani kuliko kukosa jibu. Etcd, hifadhidata inayotunza taarifa za Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi, imeshika njia nyingine: seva zake zilizo hai zisipofika zaidi ya nusu, haipokei maandishi mapya.

Kwa hiyo, vijana wangu, mnapounda modeli msikimbilie kuchora visanduku na mishale. Andikeni hali za huduma: imejiandikisha, imechelewa, imefutwa, imerudi. Andikeni na jambo lisilotakiwa kutokea kamwe, kisha zana za TLA+, lugha ya kueleza mifumo iliyobuniwa na Leslie Lamport, zipitie kila mfuatano wa matukio ndani ya mipaka mliyoweka. Zitawaonyesha mteja, yaani programu inayotumia huduma, aliyeshika anwani ya huduma iliyofutwa, na anwani ileile imeshapewa huduma nyingine. Majaribio ya kawaida hulikosa kosa hili kwa urahisi, kwani matukio lazima yaangukiane kwa mpangilio mmoja tu. Tuanze na mteja huyo: atajuaje kwamba anazungumza na asiye wake?