Mitungi miwili inayotoka jasho

Mhadhara kwa walimu na wazazi, Tanga mjini

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Yabisi, kimiminika, gesi: hayo watoto wenu wanayaimba shuleni, sitayarudia. Ninalorudia kila nikipewa nafasi ya kusema ni hili: kuchemka ni jambo moja, na kuwa moto ni jambo jingine. Tusipolielewa, tutaendelea kuunguzana majumbani.

Mnaiona mitungi miwili hapa mbele. Ule wa udongo ni wa marehemu mama yangu. Huu ni wa gesi, kilo 15, nimeutoa jikoni kwangu alfajiri.

Kijana, njoo uutikise kidogo. Unasikia nini? Anasema maji yanacheza. Si maji, mwanangu. Ni gesi yenyewe, imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. Humo mna propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Kwa joto letu hili la Tanga ingekuwa imeshachemka yote ikaisha. Kinachoizuia ni presha ya mvuke wake uliobanwa humo humo. Ukifungua koki, presha inashuka, kimiminika kinachemka. Sasa weka kiganja ubavuni mwa mtungi wakati unapika: baridi!

Kugeuka gesi kunakula joto. Chembe za kimiminika zimeshikana, na ili zijinasue zinataka nguvu. Zinaichukua kwenye chuma, chuma nacho kinaichukua kwenye hewa ya jikoni. Joseph Black wa Uskoti alilipima joto hilo miaka ya 1760, akaliita joto fiche, kwa sababu kipimajoto hakilioni. Jana usiku nilipika maharage kwa moto mkali, na mtungi ukatoka jasho nusu ya chini tu, mstari umenyooka kama wa rula. Chini ya mstari kuna kimiminika, juu yake gesi tupu. Hicho ndicho kipimo cha gesi iliyobaki, na hakina gharama.

Najua kuna atakayesema: mwalimu, moto ukififia mimi nauweka mtungi kwenye maji ya moto, au naulaza, na moto unarudi. Unarudi, sikatai! Umeongeza joto, kimiminika kinachemka kwa kasi, presha inapanda. Itapanda mpaka wapi, unajua? Na ukiulaza, kimiminika kinafika kwenye koki na kutoka kabla hakijageuka. Lita moja ya kimiminika hicho inazaa zaidi ya lita 200 za gesi. Zaidi ya 200, jamani, kwenye jiko ambalo watu wawili hawapishani! Nayo ni nzito kuliko hewa, hairuki darini. Inatambaa sakafuni, inaingia uvunguni mwa kabati, inangoja kiberiti. Ukisikia harufu, usiguse hata swichi ya taa. Fungua mlango, toa watoto nje. Jirani yangu aliungua mikono yote miwili kwa kuulaza mtungi ili amalizie chapati mbili. Chapati mbili! Nimelisema hili barazani, nimelisema harusini, na nitalisema tena.

Sasa huu wa mama. Nao unatoka jasho, lakini jasho lake linatoka ndani. Maji yanapenya kwenye udongo, yanafika nje, yanakwenda hewani bila kuchemka hata kidogo, na yanapokwenda yanabeba joto la maji yaliyobaki. Ndiyo maana maji ya ndoo ya plastiki hayapoi hivi. Jasho la mtungi wa gesi ni unyevu wa hewa yetu ya pwani, umekuta chuma baridi ukarudi kuwa maji.

Na unaporudi kuwa maji unalitema lile joto. Akina mama, hapo nisikilizeni. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuyatoa nyuzi 0 hadi 100. Ukifunua sufuria ya wali, mvuke ukikugusa mkono unageuka maji papo hapo, na mzigo wote huo unautua kwenye ngozi yako. Funua kwa kuinua kwanza ukingo wa kifuniko ulio mbali nawe, mvuke utokee huko.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka: Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 au karibu yake, ndiyo maana maharage huko hayana haraka ya kuiva hata sufuria ifoke vipi. Mafuta ya nazi yaliyotoka hapa yakiwa maji, huko asubuhi za Julai yameganda chupani. Mpaka wake ni nyuzi 24 hivi. Karafuu maiti nayo huisha bila kulowesha hata kitambaa, inatoka yabisi inaingia gesi moja kwa moja. Hiyo ilistahili saa nzima.

Mama uliye pale mlangoni, umeinua mkono tangu nilipotaja koki. Njoo kwanza uuguse mtungi, halafu uniulize.