Manjano ya mawese, manjano ya ini

BAHATI: Karibuni wa Ujiji, wa Mwanga, wa Kibirizi, na ninyi mnaotusikiliza mkiwa ziwani. Mimi Bahati, na mkunga wetu dada Mwajuma yupo. Shikamoo dada.

MWAJUMA: Marahaba, mdogo wangu.

BAHATI: Kuna msikilizaji katutumia picha ya viganja vyake, vya njano kabisa. Ndugu zake wameshamwambia ini limekwisha.

MWAJUMA: Nimeiona. Nikamwambia anitumie picha ya macho, na macho meupe pe. Nikamuuliza anakula nini. Mawese kila siku, mapapai ya nyumbani, maboga. Nikamwambia atulie.

BAHATI: Mawese yanageuza mtu njano?

MWAJUMA: Karotini ndiyo inayoyapa mawese yetu ule wekundu. Ukiila kwa wingi muda mrefu inajikusanya kwenye ngozi, hasa viganjani na kwenye nyayo. Haina ubaya, na kwenye weupe wa macho haikai. Ukipunguza, inaondoka taratibu. Bilirubini ndiyo inayoshika macho, tena mapema.

BAHATI: Hiyo bilirubini ndiyo tunayoandikiwa maabara, halafu hakuna anayekueleza.

MWAJUMA: Ni mabaki ya damu. Chembe nyekundu zinaishi siku 120 hivi, kisha mwili unazivunja. Chuma kinahifadhiwa kitumike tena, na kile kilichokishika kinageuka kijani, halafu njano. Hiyo njano haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo inabebwa na protini ya damu hadi kwenye ini. Ini linaiunganisha na kitu kingine iyeyuke, inashuka na nyongo mpaka utumboni, na bakteria wa huko wanaigeuza. Rangi ya kahawia ya choo inatoka hapo.

BAHATI: Acha bwana!

MWAJUMA: Ndiyo maana mtu akija na macho ya njano, swali langu la pili linahusu choo, na wengine wananiona sina haya. Choo kikipauka na mkojo ukawa kama chai ya rangi, nafikiria njia ya nyongo imeziba. Labda ni mawe ya nyongo, labda uvimbe kwenye kongosho, na mara nyingi mwili unawasha. Mzee anayegeuka njano bila maumivu huku anakonda, huyo msikae naye nyumbani mkibahatisha dawa.

BAHATI: Na malaria?

MWAJUMA: Malaria kali inavunja damu kwa kasi kuliko ini linavyoweza kusafisha. Selimundu pia. Halafu kuna ini lenyewe kuugua: virusi vya homa ya ini, pombe, na dawa. Nikisema dawa, na ile mizizi ya kuchemsha unayoletewa na jirani mwenye huruma imo. Ini linaumwa, wewe unaliongezea kazi.

BAHATI: Nina rafiki Ujiji, kila Ramadhani macho yanakuwa ya njano kidogo. Idi ikifika, yameshasafika.

MWAJUMA: Akapime. Kuna hali ya kurithi inaitwa Gilbert, kimeng'enya kimoja cha ini kinafanya kazi pungufu, na mtu akikaa na njaa bilirubini inapanda kidogo. Haimdhuru. Ila atakayesema hivyo ni daktari mwenye majibu mkononi, siyo sisi hapa.

BAHATI: Tuje kwa wachanga. Mtaani dawa ni moja tu: mwanike juani asubuhi.

MWAJUMA: Hapo utanizima maiki. Sikiliza. Zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa wanapata manjano wiki ya kwanza, na njiti ndio zaidi. Kwa kawaida inaanza siku ya pili au ya tatu, inapanda, halafu inaisha ndani ya wiki mbili. Ikianza ndani ya saa 24 za kwanza, usisubiri kukuche. Pengine damu ya mama na ya mtoto hazipatani, mama ni O na mtoto ni A au B, au mama ni hasi na mtoto chanya. Pengine ni maambukizi. Bilirubini ikizidi sana inaingia kwenye ubongo. Mtoto anabaki kiziwi, au na mtindio wa ubongo.

BAHATI: Lakini hata hospitali si wanamweka kwenye mwanga?

MWAJUMA: Wanamweka, na walioanza walianzia juani kweli. Uingereza, hospitali ya Rochford, mwaka 1956. Muuguzi Jean Ward alikuwa na kawaida ya kuwatoa njiti nje. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye njano ilikuwa imepungua, isipokuwa pembetatu moja mwilini. Hapo palikuwa pamefunikwa na pembe ya shuka. Mwaka 1958 daktari mmoja wa hapo, Cremer, na wenzake wakachapisha matibabu ya taa. Muuguzi ndiye aliyeona, nakukumbusha.

BAHATI: Basi bibi zetu wako sahihi.

MWAJUMA: Hawako. Taa ya bluu inawaka usiku na mchana, mtoto yuko na nepi tu, macho yamefunikwa, na damu inapimwa tena. Wewe umemfunga khanga mbili na kofia ya sufu, dakika kumi barazani. Mwanga unapitia wapi? Ukimvua, anapata baridi au anaungua. Na siku ndizo zinazopotea: Jumatatu juani, Jumanne juani, Jumatano mtoto hanyonyi.

BAHATI: Kwa ngozi zetu nitaonaje?

MWAJUMA: Msogeze mlangoni kwenye mwanga wa mchana, siyo chini ya taa. Bonyeza ncha ya pua au kifua kwa kidole, achia, utazame rangi kabla damu haijarudi. Angalia macho na fizi. Njano ikifika viganja na nyayo, mbebe, hata kama ana siku ya nne. Akiwa mzito kuamka au kilio kimekuwa chembamba, mbebe. Zikipita wiki mbili bado njano na choo kimepauka, mbebe hata kama ananenepa, maana mirija ya nyongo ikiwa na kasoro upasuaji unatakiwa mapema.

BAHATI: Kingine?

MWAJUMA: Vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende kwenye sanduku, naftalini. Huku kwenye malaria wapo wengi waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na naftalini inapasua chembe zao za damu. Nguo za mtoto zisikae nayo.

BAHATI: Mama Asha ana sanduku zima, na mwezi ujao anajifungua.

MWAJUMA: Mpigie avitoe. Tuchukue swali la kwanza.