Kifungua Kinywa cha Jumamosi Huanza Jumatano

Ndugu mwenyekiti, ndugu wazazi, na ninyi watumishi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi ili kunisikiliza, nimeombwa kuzungumzia kifungua kinywa cha mkate wa kubanika, parachichi na yai, na baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili katika vikao vingine. Nitalisema tena, kwa sababu asubuhi ya nyumba nyingi hapa Dodoma bado ni chai ya sukari nyingi pamoja na slesi mbili zilizopakwa siagi ya kopo, na mtoto anayekwenda shule na chakula hicho huwa ana njaa kabla ya saa nne. Makundi ya vyakula sitayaeleza, mliyasoma shuleni. Nitashughulika na parachichi, kwa kuwa mkate tunajua kuubanika na yai tunajua kulipika, lakini parachichi linatushinda, tena linatushinda tukiwa bado sokoni.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa mtini, kisha huiva baada ya kuchumwa, na mtu asiyetenganisha kukomaa na kuiva atatupa fedha yake kila mwezi. Tunda lililokomaa likishachumwa hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayolilainisha katika muda wa siku kadhaa. Tunda lililochumwa likiwa changa hata ulitunze namna gani halitalainika vizuri. Hunyauka, ngozi yake hujikunja, na nyama yake huwa kama mpira na yenye uchungu. Wanaosafirisha parachichi nje ya nchi hawakisii jambo hili: hupima kiasi cha kitu kikavu, yaani kinachobaki maji yakikaushwa, kilichomo ndani ya nyama ya tunda, na kwa aina ya Hass masoko mengi hudai kisipungue asilimia 21 hivi au zaidi kidogo. Sisi wanunuzi wa soko la Majengo hatuna kipimo hicho, kwa hiyo inatubidi tutumie macho.

Niruhusuni niwaeleze namna nilivyojifunza. Nilikuwa natoka Iringa, na tulipokaribia Mtera gari likasimama, nami nikanunua maparachichi manane kando ya barabara. Yalikuwa magumu, ya kijani, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na ule mng'ao ndio ulionivutia. Wakwe zangu walikuwa wanakuja baada ya siku sita, nami nilikuwa nimekusudia kuwaandalia asubuhi chakula hiki ninachokizungumzia leo. Nikayafunga kwenye karatasi pamoja na ndizi mbivu, nikayaweka kabatini, na kila jioni nikayatazama. Siku ya nne ngozi ilianza kukunjamana, nikafurahi, nikidhani ndiyo yanaiva. Asubuhi ya Jumamosi wageni wakiwa wamekwisha kukaa, mkate umekwisha kubanikwa, mayai yapo mezani, nikapasua la kwanza, kisu kikagoma. Nikapasua la pili, la tatu, hadi la nane. Wageni walikula mkate na siagi ya kopo, na hakuna aliyelalamika, lakini mimi niliumia sana.

Baada ya wao kuondoka niliyarudia yale mapande jikoni, nikayachunguza, na hapo ndipo nilipoona nilichopaswa kukiona tangu Mtera. Utando unaolifunika kokwa ulikuwa mweupe, mnene, umeshikamana na nyama. Katika parachichi lililokomaa utando huo huwa mwembamba na wa kahawia, kama karatasi kavu. Tangu siku hiyo sinunui fungu kabla sijanunua moja na kumwomba muuzaji alipasue pale pale mbele yangu; utando ukiwa mweupe na mnene, nalipia lile moja na kuondoka. Ule mng'ao nao ulikuwa onyo, maana parachichi linapokomaa ngozi yake kwa kawaida hufifia. Mtaniambia kwamba muuzaji atachukia. Hajachukia hata mmoja kati ya ninaonunua kwao, kwa sababu anayejua kwamba mali yake imekomaa haogopi kisu.

Jambo la pili ni kubinya, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nakerwa. Mteja anakuja mezani, analibinya parachichi kwa kidole gumba, analirudisha, analibinya jingine, anaondoka na pilipili hoho. Nyama iliyobinywa haionyeshi jeraha siku ile. Huonyesha kesho, kwa doa jeusi katika chakula cha mtu mwingine. Lishike tunda zima kwenye kiganja, ulikandamize taratibu karibu na kikonyo, basi. Na kikonyo chenyewe usiking'oe sokoni, kwa kuwa pale kilipotoka ndipo uozo unapoingilia.

Sasa kalenda. Ukitaka kula Jumamosi, nunua Jumatano maparachichi yaliyokomaa ambayo yameanza kulegea kidogo, na kama ni magumu kabisa nunua mapema zaidi ya hapo. Yafunge kwenye karatasi pamoja na ndizi mbivu, ambayo nayo hutoa ethilini. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya usiku ya hapa kwetu huchelewesha kuiva. Oktoba na Novemba, joto huharakisha, na tunda la Jumatano linaweza kuwa tayari Ijumaa. Likiiva kabla ya siku yako, ndipo liingie kwenye friji, nalo litakaa siku mbili tatu. Gumu usiliweke humo, kwa kuwa baridi kali huharibu uwezo wake wa kuiva na nyama huwa ya kijivu. Wala msingoje rangi: Hass huwa jeusi lenye zambarau linapoiva, lakini aina nyingine nyingi hubaki kijani hadi zinapooza.

Najua yupo anayesema moyoni kwamba hiki ni chakula cha wageni. Parachichi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na mahindi vilevile yalitoka huko huko, wala sijamwona mtu wa Kongwa akikataa ugali wa mahindi kwa sababu hiyo. Isitoshe, mchana tunalikata juu ya wali na maharage bila kumwuliza mtu. Kwa nini asubuhi liwe la kigeni? Mwingine anasema lina mafuta. Ni kweli, gramu 100 za nyama yake zina takriban gramu 15 za mafuta, lakini sehemu kubwa ni mafuta ya aina ile iliyomo katika zeituni, na pamoja nayo kuna karibu gramu 7 za nyuzilishe ambazo siagi ya kopo haina kabisa. Mafuta hayo pia huusaidia mwili kufyonza vitamini zilizomo katika kiini cha yai. Robo au nusu ya tunda kwa mtu mmoja inatosha.

Kupika kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Banika slesi kwenye kikaango kikavu, juu ya mkaa wenye moto mdogo, hadi zikauke pande zote mbili. Mkate usiokauka hulowa. Ponda parachichi kwa uma, tia chumvi kidogo yenye madini joto na matone ya ndimu, kwa sababu ukali wa ndimu hukawiza ule weusi unaoletwa na hewa. Paka wakati wa kula, si kabla. Yai ukilikaanga, tumia kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, funika, na uache kiini kiive, hasa kwa watoto na wajawazito. Ukilichemsha, kumbuka kwamba Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100. Kwa hiyo kipimo cha dada yako wa Dar es Salaam kiongezee dakika moja au mbili. Mimi nahesabu 11 tangu maji yachemke.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kueleza kuhusu chai ya rangi, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma na ni afadhali inywewe kama saa moja baada ya kula. Na kuhusu nyumba ambayo mkate hauwezekani, ambako kiazi kitamu cha kuchemsha kilichokatwa vipande vipana hubeba parachichi na yai vizuri sana. Hayo tutayazungumza nje. Hapa mezani nina maparachichi matatu, moja changa, moja lililokomaa na moja lililoiva, nayo sijayaandika majina. Mje mstari kwa mstari mkayashike kwa kiganja, mniambie lipi ni lipi, kisha tutayapasua na kutazama kokwa.