Nilivyofika Venice bila mpango, na kwa nini sikufika Bagamoyo

Assalaam alaykum, ndugu zangu, na habari za huko nyumbani. Tangu nilipoweka ile picha ya daraja la Rialto, swali linaloniandama ni moja, ingawa kila mtu analivalisha nguo yake: dada, juzi ulituambia mwezi umekukaba, hela za kwenda Venice umezitoa wapi? Wapo walioliuliza kwa heri, na wapo walioongeza kwamba Venice nimefika, lakini arobaini ya baba mkubwa kule Bagamoyo sikufika. Nitalijibu leo mara moja, kwa hesabu, ili atakayesema ninajishaua, na yule atakayesema ninalialia, wote wawili wawe na tarakimu mbele yao.

Safari ile haikupangwa. Ninaishi Bologna, hapa Italia, na ninapanga mizigo katika ghala lililo nje ya mji. Jumamosi moja ya Julai 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, nikiwa nimeshafunga kamba za viatu, uliingia ujumbe kwamba siku hiyo hakuna kazi. Anayelipwa kwa saa hahitaji kuelezwa maana yake. Shoga yangu wa Bujumbura, ambaye tunapanga naye chumba, alikuwa amepata ujumbe uleule, akasema kwamba tukishinda ndani na joto lile tutagombana. Nikafungasha chapati zilizobaki jana yake, tukaenda stesheni.

Treni za mwendo kasi hupandisha nauli kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo tulipanda treni ya kawaida ya mikoani, ambayo nauli yake haibadiliki hata ukikata tiketi dakika ya mwisho. Mwendo ni kama saa mbili, na kwenda na kurudi kulinigharimu takriban euro 30.

Lililonikera ni kiingilio. Tangu mwaka 2024, mji wa Venice unawatoza wageni wanaokuja na kuondoka siku ileile, katika tarehe maalumu za msimu wa watalii, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Mwaka wa kwanza kilikuwa euro 5. Mwaka 2025 kikabaki euro 5 kwa aliyelipa angalau siku nne kabla, na kikawa euro 10 kwa aliyechelewa. Anayelala hotelini ndani ya mji hakilipi, kwa sababu hotelini ameshatozwa kodi ya malazi. Sikatai kwamba mji una haki ya kujilinda: mwanzoni mwa miaka ya 1950 visiwa vile vya katikati vilikuwa na wakazi zaidi ya 170,000, na mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000, huku wageni wakijaa hadi vichochoroni. Lakini nielezeni ninyi, mtu ambaye siku yake ya mapumziko inaamuliwa na ujumbe wa alfajiri atalipaje siku nne kabla? Nilijaza fomu kwenye simu ndani ya treni, mtandao ukikatika kila tukipita mashambani, kwa sababu faini ya kukutwa bila msimbo wa QR inaanzia euro 50 na inaweza kufika euro 300.

Hapo roho ilikuwa juu kwa jambo jingine. Kibali changu cha ukaazi kimo katika kuhuishwa, na ninachotembea nacho ni pasipoti pamoja na risiti ya posta ya maombi hayo, iliyokunjwa hadi imeanza kuchanika. Mtumishi aliyesimama nje ya Santa Lucia, stesheni ya Venice, alitazama msimbo tu, akatupungia mkono tupite. Wanaoniuliza mbona siendi Paris, jibu ni risiti hiyohiyo: inaniruhusu kuzunguka Italia, lakini hainiruhusu kuingia nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hata kwa kubadilisha ndege tu. Ndiyo maana nauli ya kuja nyumbani, kwa ndege chache zilizobaki zisizopitia nchi hizo, ilikuwa zaidi ya euro 1,000. Hela ya khitma niliituma, na waliokula pilau ile wanajua. Basi, nisiendelee, maana hapo nitalia kweli.

Mji wenyewe mmeuona vya kutosha kwenye picha. Mimi kilichonishika ni mambo ya kwetu. Nyumba zile zimesimama juu ya magogo yaliyokitwa katika tope la bahari, ambako hewa haifiki na mti hauozi upesi, nami nikakumbuka boriti za mikoko katika dari za nyumba kongwe za Bagamoyo. Dukani niliona shanga za kioo, nikamweleza shoga yangu kwamba katika karne ya 19 shanga za Venice zilishushwa Zanzibar kwa makasha, zikavushwa bara, zikapanda na misafara hadi maziwa makuu, yaani hadi kwao. Akauliza bei ya mkufu mmoja, akaurudisha mahali pake taratibu.

Gondola, ile mashua nyembamba ya kutembeza watalii, hatukupanda. Bei rasmi ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa, na ingawa chombo hubeba watu watano, sisi tulikuwa wawili. Tulivuka mfereji mkubwa kwa mtumbwi wa kuvushia watu, unaofanana na gondola na kupigwa kasia na watu wawili, kwa euro 2. Basi la majini ni euro 9.50 kwa dakika 75, choo cha umma euro 1.50, na kahawa niliinywa nikisimama kaunta, kwa kuwa ukikaa mezani bei inapanda. Maji ya kunywa ni ya bure kwenye mabomba ya mitaani, chukueni chupa. Chapati tulizila tumesimama, kwa sababu tulipokaa kwenye ngazi za daraja askari wa mji alituinua kwa adabu, akasema hapo si mahali pa kulia.

Jumla yangu ni euro 54 na senti 50, yaani shilingi laki moja na nusu na ushei, bila kuhesabu ujira wa siku niliyoikosa. Mwingine angetumia pungufu na mwingine mara tano yake, kwa hiyo msiichukue kama mwongozo. Hiyo ni hesabu ya mfuko wangu na ya siku ile. Masuala ya visa pia msiniulize, mimi si ubalozi.

Tulirudi stesheni saa kumi na robo. Wale watumishi wa asubuhi walikuwa wameshaondoka, na watu walikuwa wakimiminika kutoka treni, wanaingia mjini bure.